Mifuko Miwili ya Saruji

Jumapili, 5 Mei 2024

Mwalimu Vasanthi ametupa madaftari, kila mtu lake. Mkirudi nyumbani andikeni mwili umefanya nini – ndivyo alivyosema. Hatayakagua. Alifundisha hesabu miaka thelathini na moja kule Umtata, anasema amesahihisha madaftari ya kumtosha mpaka kaburini. Na hata akilifungua hili, Kiswahili hajui. Kwa hiyo nitaandika yote.

Mwili umefanya hivi. Mguu wa kulia kutupwa juu mara ishirini. Wa kushoto mara kumi na mbili, kisha ukagoma. Unasimama wima, mikono juu ya kichwa, unautupa mguu ukiwa umenyooka mpaka vidole vigonge kiganja. Wangu unafika kitovuni. Wa Évariste unafika kifuani, na yeye alikuwa ametoka kulinda usiku kucha.

Mchezo unaitwa kalari. Chumba nacho kinaitwa kalari. Ni mambo ya kwao Kerala, kusini mwa India. Kupigana kwa mwili, baadaye kwa fimbo, baadaye kwa panga. Baadaye sana, anasema. Kwa sasa ni miguu.

Sikwenda pale kujifunza. Nilikwenda mwezi wa tatu kumtengenezea sakafu, kwenye gereji ya nyuma ya nyumba yake hapa Bez Valley. Kazi ilipokwisha akaniona nainuka kwa kujishika kiuno. Akaniuliza nina miaka mingapi. Arobaini na nne. Akasema yeye ana sitini na saba, akainua mguu palepale, na sari yake, akagusa fremu ya mlango juu. Akasema njoo Jumapili.

Évariste anakaa chumba cha nyuma, uani kwetu Bertrams, ni mtu wa Lubumbashi. Alinifuata tu. Anataka bosi wake amwone ni mlinzi wa maana.


Jumanne, 7 Mei

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla ya kazi. Baridi. Tunajipaka mafuta ya ufuta mwili mzima kabla ya kuanza, nimefika kazini Sandton nanukia kama kashata. Vijana wa lipu wamenicheka mpaka saa nne.

Niandike la sakafu, niondokane nalo.

Alitaka udongo mtupu. Alisema mara tatu: hakuna saruji. Chumba kichimbwe chini hadi magotini, mlango utazame mashariki, na pembeni kule kusini-magharibi pajengwe ngazi saba za udongo, ndogo, zinazopanda na kukonda mpaka juu. Kila asubuhi huweka ua pale juu. Ndipo mahali pa heshima pa chumba.

Niliifanya kama alivyotaka. Udongo mwekundu nilikwenda kuuchota Troyeville walikokuwa wanachimba msingi. Udongo wa kichuguu alitafuta yeye. Majivu. Maji ya majani aliyochemsha mwenyewe. Nikachekecha, nikakanda, nikashindilia kwa gogo jioni kumi. Zile ngazi nilizikanda kwa mikono, yeye amesimama juu yangu anatazama.

Halafu akaenda Durban wiki nzima, kwenye harusi. Siku ya tatu tangu aondoke, ufa. Kutoka mlangoni mpaka katikati, kidole kinaingia. Na ngazi mbili za juu zimemeguka kingo.

Nimepiga lipu miaka kumi na tisa. Ufa ndicho kitu cha kwanza mtu anachokuonyesha akitaka kukufukuza. Anauita kwa jina lako. Ufa wa Jumbe ule pale. Nilikaa juu ya ndoo nikautazama. Kisha nikakwangua tabaka la juu lote, nikachanganya na saruji, nikamwaga upya. Mifuko miwili. Mmoja na nusu sakafuni. Nusu iliyobaki kwenye ngazi, nilizivunja nikazijenga tena kama zilivyokuwa. Juu nikapaka udongo mwekundu na yale maji ya majani, nikasugua kwa jiwe. Huwezi kujua.

Aliporudi alisimama mlangoni akaitazama. Akasema: bila ufa. Hata baba hakuwahi kupata bila ufa.

Kisha, tunakunywa chai, akanieleza kwamba sakafu ya kalari ya baba yake ilipasuka kila kiangazi, na wanafunzi wakiizibaziba kila mwaka kabla ya mvua. Hiyo ndiyo kazi yao ya kwanza kujifunza, kabla ya kuinua mguu.

Aliniambia hivyo baada. Si kabla.


Alhamisi, 9 Mei

Kuingia kuna utaratibu. Mguu wa kulia kwanza. Unainama, unagusa sakafu kwa mkono wa kulia, unagusa paji la uso, unagusa kifua. Kisha unakwenda kwenye pembe ya ngazi saba, unainama pale. Kisha miguu ya mwalimu.

Nilimwambia mapema, mimi ni Mwislamu, siinami kwenye ile pembe. Hakushtuka. Kwa baba yake walikuwepo Waislamu wengi, watu wa pwani ya kwao. Walikuwa wanafika pale, wanasimama kidogo, wanapita. Basi na mimi nasimama kidogo, napita.

Sakafu naigusa. Kuigusa ardhi si ibada.

Lakini kila nikisimama mbele ya zile ngazi nakumbuka mfuko ulivyopasuka nilipokuwa naubeba, ukanimwagikia shingoni.

Mwili: kiuno kinauma, lakini upande mwingine. Sijui ni nafuu au ni kuhamia.


Jumapili, 19 Mei

Leo wanyama. Mwili unakaa kama tembo, simba, farasi, jogoo, nyoka, tausi. Na nguruwe mwitu. Unachuchumaa chini sana, kichwa mbele, unajikusanya kama unataka kupenya ukuta.

Évariste hakuniacha, yeye huniita grand, yaani kaka mkubwa kwao. "Grand, leo uko nguruwe. Kesho utamukula."

Nikamwambia wewe hujigeuzi nguruwe, Mungu alishakumalizia kazi.

Kuna wasichana wawili wa chuo kikuu wanaojifunza nasi, hawakuelewa Kiswahili lakini walicheka. Mwalimu akauliza kuna nini. Évariste akamweleza kwa Kiingereza chake. Mwalimu akafikiri, kwa dhati kabisa, kama mtu anayetafuta jibu la hesabu, akasema Jumbe atafanya jogoo mara mbili.

Jogoo ni mguu mmoja. Ningechagua nguruwe.

Wakati wa kufanya, mwalimu hutoa amri kwa lugha ya kwao, kwa kuimba, mfululizo bila kupumua. Sijui neno hata moja. Lakini nimeshangaa – ikifika sauti fulani mguu unaondoka wenyewe. Wiki mbili tu.

Baadaye alikuja mgeni kutoka Lenasia, mzee mmoja aliyevaa suti, ana jumba la kufundishia ngoma za kwao. Akaipiga picha sakafu. Akapiga magoti akaipapasa. Mwalimu akanionyesha kwa kidole: huyu ndiye fundi wangu wa udongo. Mzee akasema wao wanataka kama hii, kubwa mara tatu, baada ya baridi. Kazi ya ndani, miezi mitatu, hakuna kupanda ngazi na ndoo, hakuna foremani wa kunipigia mluzi.

Nikasema ndiyo. Nikasema asante.


Jumatano, 29 Mei

Leo watu wanapiga kura, hakuna kazi. Sisi wageni tumekaa ndani. Mwenye spaza, duka la mtaani, amefunga mapema, anasema siku hizi mtu hajui.

Nimempigia mke wangu, Mwanaharusi. Nikamwambia najifunza kupigana. Akauliza: "Umri huo baba Tumu, unataka kumpiga nani?" Nikamwambia hakuna, ni mazoezi ya kiuno. "Kiuno kipi, hicho nilichokiona mara ya mwisho miaka minne iliyopita?" Hakucheka. Mimi nilicheka kidogo.

Akanieleza habari za nyumba. Sakafu ya saruji waliyoimwaga mwaka jana kwa pesa niliyotuma ni safi, watoto wanaipenda, inafagilika. Mama peke yake ndiye asiyeitaka. Anatoa mkeka wake nje, anasali kwenye mchanga. Anasema sakafu inampiga magoti.

Nikamwambia mama ni mkaidi. Mwanaharusi akasema mimi sikai chini kutwa kwa hiyo sijui.

Kwetu Muheza bibi alikuwa anasiriba chumba kila mwezi, udongo na majivu, kwa mkono, akirudi nyuma mpaka anatokea mlangoni. Nilimwona ni mtu asiye na uwezo. Nilikuja huku nijifunze kazi ya kweli.


Alhamisi, 6 Juni

Kwa ufupi leo. Ghorofa ya sita, lifti ya mizigo imeharibika, ndoo kwa mkono. Mwili umebeba ndoo. Hakuna kingine.


Jumapili, 9 Juni

Leo kuruka. Unakimbia hatua tatu, unapanda hewani, unageuka, unashuka kwa chini sana, kimya. Kimya ndiyo alama. Ukishuka kwa kishindo hujashuka, umeanguka. Hayo ni maneno yake.

Wote tulianguka.

Évariste alikaa chini anakandakanda mifupa ya mbele ya miguu. "Grand, hii chini yako iko nguvu sawa goudron ya barabara. Kule kwetu tulicheza mpira ku udongo, hapana kuumia hivi."

Nikamwambia umezeeka, si udongo.

"Miye? Miye niko na miaka makumi mbili na munane."

Nikamwambia basi umenenepa.

Mwalimu akasema atatuonyesha. Alijifunga nguo kiunoni, akasimama ukutani. Hatua tatu. Nimeona watu wakianguka kutoka kwenye kiunzi, sijawahi kuona mtu mzima akipanda hivyo kwa kupenda. Aligeuka juu, akashuka, magoti yamekunjwa, mikono mbele. Bila sauti hata kidogo ya mdomo.

Lakini sakafu ilitoa sauti. Udongo hulia dum. Ule ulilia tak.

Aliinuka taratibu. Akatabasamu. Akasema tena, kila mtu mara kumi. Yeye hakuruka tena.

Nimesikia mimi tu, nadhani. Wengine hawana masikio ya sakafu.


Jumanne, 11 Juni

Goti la kushoto la mwalimu limevimba. Amefundisha akiwa kwenye kiti. Amelifunga kwa kitambaa chenye majani na mafuta, anasema kesho kutwa litakuwa limetulia, baba yake alikuwa anatibu watu waliovunjika paja.

Ametufanyisha miguu tu.


Jumapili, 16 Juni

Halijatulia. Amekwenda kwa daktari, wamelipiga picha. Amesema daktari alikuwa kijana mstaarabu sana, aliongea polepole kama anaongea na mtoto. Gegedu zimelika. Umri. Aache kuruka, aache kuchuchumaa, aogelee.

"Aogelee," Évariste akarudia, akatazama chumba.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alicheka peke yake.


Jumatatu, 17 Juni

Idi. Nimesali, nimekula kwa Mansour, watu wa Tanga wote walikuwa pale. Pilau lilikuwa zuri. Mansour akaniuliza, kweli nasujudia sanamu za Wahindi? Nikamwambia hakuna sanamu, kuna ngazi. Akasema ngazi za kwenda wapi? Watu wakacheka. Nikamwambia ningekueleza zilivyojengwa ungecheka zaidi. Sikueleza.

Mchana nikampelekea mwalimu sahani, wali mtupu na mboga, nyama hali. Alikuwa amekaa jikoni, mguu juu ya stuli. Akanishukuru, akala vijiko viwili.

Akaniambia anafunga kalari mwisho wa mwezi wa saba. Mwanawe yuko Australia, amemwita miaka yote, sasa atakwenda. Nyumba itauzwa. Watu wa mauzo wanaleta bango wiki hii.

Nikamwambia goti hupona.

Akasema goti si shida. Shida ni kwamba baba yake aliruka mpaka sabini na sita. Aliruka asubuhi, akafa mchana, mwili haukuwa na kasoro. Yeye alijua atakuwa vile. Hakuolewa mapema, hakula ovyo, alifanya mazoezi kwenye vyumba vya walimu kule Umtata milango imefungwa, miaka thelathini na moja, ili siku moja apate chumba. Amepata chumba, mwili umemkataa baada ya miezi mitatu tu. "Nilidhani nimerithi," amesema. "Kumbe nilijifunza tu."

Alisema bila kulia, kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani wa mtoto wa mwingine.

Nikaosha sahani. Nikarudi nyumbani kwa miguu.


Alhamisi, 20 Juni

Mwili: mguu wa kulia umefika usawa wa macho.

Nimefanya hesabu hii. Labda ni umri kweli. Ana sitini na saba, daktari ameona picha, mimi sijaona. Huenda hata kwenye udongo mtupu lingevimba. Hakuna mtu anayeweza kusema kwa hakika ni saruji.

Halafu nakumbuka ile tak.

Nikimwambia: Lenasia imekwisha, mzee wa suti hatachukua fundi aliyedanganya. Jina langu limekwisha hapa, maana Bez Valley yote inanijua kupitia kwake. Na kalari, sijui kama atataka nikanyage.

Nisipomwambia: anakwenda Australia kuogelea.


Jumamosi, 22 Juni

Évariste amekuja chumbani kwangu na maumivu yake ya miguu. Anasema kule kazini wamempa zamu ya mchana mwezi mzima, atapumzika. Akaniuliza, grand, mwenye nyumba mpya akija atafanya nini na ile kalari?

Gereji, nikasema. Ataweka gari.

"Atasema asante," akasema Évariste. "Iko nguvu. Hata camion ya mizigo inaweza kupita."

Nilimtazama nione kama anajua. Hajui. Anaongea tu.


Jumanne, 25 Juni

Bango limewekwa getini. Limepigwa misumari vibaya, limeinama. Nimelinyoosha.

Baada ya kulinyoosha nikajiuliza nimelinyoosha kwa nini.


Jumapili, 30 Juni

Baridi kali, nyasi nyeupe. Wale wasichana wana mitihani, tulikuwa wawili tu. Mwalimu kwenye kiti, blanketi miguuni, amri zinatoka na mvuke mdomoni.

Mguu wa kulia, wa kushoto. Kulia, kushoto. Sijui ilikuwa ya ngapi – wa kushoto ukapanda, na nikasikia pa! Nilidhani ni Évariste kapiga kofi. Ilikuwa ni mguu wangu kwenye kiganja changu.

Amri zikakatika. Mwalimu alikuwa ameinuka kwenye kiti, amelisahau goti. Akasema tena. Nikatupa. Pa.

Akaketi. Akaniambia kwa Kixhosa kwanza, akasahau kwamba mimi sijui Kixhosa vizuri, kisha kwa Kiingereza. Kwamba mtu wa arobaini na nne mwenye kiuno cha ndoo, miezi miwili. Kwamba baba yake angemtoa mfano. Kwamba amefurahi kuwa mwanafunzi wake wa mwisho ndiye aliyemjengea sakafu, mambo yamekaa mahali pake.

Wakati wa kutoka unaigusa tena sakafu. Niligusa. Ilikuwa baridi kama zege la ghorofa ya sita. Udongo hauwi baridi hivyo, hata Juni. Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba mtu mwenye akili angeligundua kwa mkono tu. Yeye ana akili. Hakugundua kwa sababu alinisadiki.

Évariste njiani: "Grand, umefurahi ama umefiwa?"

Nikamwambia sharp, niko sawa.


Jumatano, 3 Julai

Mzee wa Lenasia amepiga simu. Anataka nije nipime chumba. Nikamwambia niko kazini, nitampigia.

Sijampigia.


Alhamisi, 4 Julai

Alfajiri sikwenda. Nimelala nikiwa macho mpaka mwanga. Ni mara ya kwanza kukosa.

Kazini foremani ameniuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo.


Jumamosi, 6 Julai

Naandika nikiwa hapahapa. Nimekaa juu ya ndoo mlangoni mwa kalari, daftari kwenye goti. Saa tano na nusu asubuhi.

Nilikuja saa mbili na sururu begani, nimeifunga gunia watu wasiniulize kwenye kila robot, taa za barabarani. Mwalimu alifungua geti, akaona gunia, akaona umbo lake. Akauliza kuna bomba limepasuka?

Nilikuwa nimepanga maneno kwa Kiingereza tangu Bertrams. Yakaondoka yote. Nikamwambia: goti halina kosa. Akasema nini? Nikamwambia, goti lako, Mwalimu, halina kosa. Kosa ni la sakafu. Niliweka saruji.

Alisimama na funguo mkononi.

Akauliza: nilipokuwa Durban?

Ndiyo.

Kwa nini?

Ilipasuka.

Basi. Nilidhani atasema mengi. Alikwenda mpaka kalari, mimi nyuma yake. Akavua kandambili. Mguu wa kulia, akaingia. Hakuinama, hawezi. Alisimama tu, nyayo wazi, macho amefumba, muda mrefu, kama mtu anayesikiliza simu mbovu. Akainua kisigino cha mguu mzima akakishusha. Tak.

Tena. Tak.

Akasema: "Kuziba ufa ni kazi ya nusu saa. Ningekuonyesha."

Nikasema najua. Sasa najua.

Akasema: "Wiki nne nimekuwa mzee bure."

Nikamwambia labda si bure, labda daktari yuko sahihi, mimi sijui mambo ya magoti. Nilitaka awe na njia. Akanitazama kwa jicho la mwalimu wa hesabu.

Kisha akatoka nje. Nikamwona amesimama getini analitazama lile bango nililolinyoosha. Sikujua anafikiri nini, na sijui mpaka sasa. Aliporudi hakusema Australia, hakusema Lenasia, hakusema kama mimi bado ni mwanafunzi au ni kibarua tu. Alikuwa na ua la njano mkononi, dogo, limeungua kwa baridi.

Akachechemea mpaka pembeni, akaliweka juu ya ngazi ya saba. Akashika ukingo wa ngazi kwa mkono kupumzisha goti. Akabaki hapo, uzito wake wote juu ya ngazi.

Akasema: vunja sakafu yote. Toa kila kitu mpaka chini, tutakanda upya, safari hii nitakaa hapa nikuone. Lakini hapa usipaguse. Hapa nilikuona mwenyewe ukikanda kwa mikono, kabla sijaondoka. Akazipigapiga ngazi polepole, kama unavyompigapiga mtoto mgongoni. "Angalau hapa ni udongo mtupu. Hapa umenipa kama nilivyoomba."

Mdomo wangu ulifunguka. Naapa ulifunguka.

Akasema nianze mlangoni.

Nikainama, nikagusa sakafu, nikagusa paji la uso, kifua. Nikasimama mbele ya ngazi kidogo, kama kawaida yangu, nikapita. Yeye ananitazama. Kisha nikarudi mlangoni, nikatanua miguu – tembo, kiuno kikakaa chenyewe – nikapiga sururu.

Inatoka vipande bapa, kama biskuti. Juu nyekundu, ndani kijivu. Kila kipande anakipokea kutoka kwenye kiti chake, anakigeuza, anatazama ule ukijivu, anakiweka kwenye ndoo. Anataka kuijua rangi.

Évariste amepita saa nne, akaona vumbi, akauliza mlangoni, "Grand, unabomoa nini?" Mwalimu ndiye aliyemjibu. Akamwambia wanafunzi wa kalari huitengeneza sakafu kila mwaka, ndiyo kazi ya kwanza, akalete sepeto. Amekwenda kuazima.

Kwa hiyo wanafunzi, amesema. Wanafunzi. Nimelisikia.

Sijamwambia la ngazi.

Nimevunja kutoka mlangoni mpaka kupita katikati. Kiuno hakiumi. Mwalimu ameingia ndani kuchemsha chai, nasikia vikombe. Ua liko palepale, limeinamisha kichwa. Sakafu na ngazi nilizimwaga siku moja, zimeshikana, mtu hawezi kutoa moja bila kuifungua nyingine ubavuni, na ndani itaonekana. Na ile rangi sasa anaijua.

Nimepima kwa jicho. Bado futi nne kufika pembeni.